Wasifu wa Mtu Ambaye Hajafa

Kwa miaka kumi na mbili hakuna Mlutheri aliyezikwa katika kijiji chao kule Rugu bila kupitia mikononi mwa Anatolia. Si kwamba alikuwa muuguzi, wala fundi wa majeneza. Alikuwa karani wa usharika, na kazi ya karani, mbali na kutunza daftari la ubatizo, ilikuwa kuandika wasifu wa marehemu na kuusoma kaburini kabla mchungaji hajachota udongo. Familia ilimletea tarehe ya kuzaliwa, idadi ya watoto na jina la ugonjwa. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe, na yaliyobaki aliyajua kwa kichwa. Marehemu alikulia katika malezi ya Kikristo. Marehemu alikuwa mkulima hodari wa kahawa na migomba. Na mwishoni ilikuja ile sentensi ambayo watu waliisubiri vichwa vikiwa chini: aliishi kwa amani na majirani wote, alikuwa mtu wa watu, mkarimu, mpenda ibada, na mlango wake haukufungwa kwa mgeni.

Hapo watu waliitikia Amina. Hata waliokuwa na kesi na marehemu waliitikia, maana aliyekwisha kulazwa ndani ya jeneza huwezi tena kumpeleka baraza la kata. Anatolia alikunja karatasi yake, akapewa sahani ya ndizi na maharage, akarudi nyumbani. Wakati mwingine palikuwa na nyama.

Kisha bodaboda ilimwangusha kwenye mteremko, akalala wodini Nyakahanga wiki tatu, na alipotoka aliambiwa asahau jembe, mgongo wake hautalibeba tena. Alikuwa na miaka arobaini na moja, hana mume, na shamba la migomba lililokuwa limeanza kuota majani hadi mlangoni. Kazi aliyoweza kuifanya akiwa amekaa ilikuwa moja tu, kuandika. Ndipo alipojiandikisha kwenye tovuti moja inayonunua makala za Kiswahili, akapewa akaunti, na akapewa mhariri anayeitwa Noela. Hawakuwahi kuonana. Waliandikiana tu, Anatolia akiwa amekaa kwenye jiwe nyuma ya kanisa, mahali pekee ambapo mtandao haukatikikatiki.

Tovuti ile ilikuwa na mfumo wa kukagua. Kila makala iliyoingia ililinganishwa na kila kitu kilichowahi kuwekwa mtandaoni, kisha ikatoka na asilimia yake ya kufanana. Ikizidi kumi na tano, makala inakataliwa. Ukikataliwa mara tatu, akaunti inafungwa na jina lako halipokelewi tena.

Mara ya kwanza alikataliwa kwa haki. Aliandika juu ya mnyauko wa migomba, na kwa kuwa alikuwa na kipeperushi cha bwana shamba, akakihamisha karibu chote, akibadilisha neno hapa na pale. Mfumo ukasema sitini na nne. Anatolia alijua kosa ni lake, akaandika nyingine tatu zikapita.

Siku moja Noela akamtumia kazi mpya: andika maisha ya mtu wa kawaida wa huko kwenu. Anatolia alicheka peke yake pale kwenye jiwe. Nani katika Karagwe nzima ameandika maisha ya watu kumzidi yeye? Akamchagua Mama Adelgunda, mjane wa marehemu Jovin, mwenye miaka sabini na sita na kiti chake kanisani, safu ya pili upande wa dirisha. Hakuhitaji hata kwenda kumwuliza. Alimfahamu. Alimaliza kabla chai haijapoa, akatuma.

Jibu lilikuja kesho yake.

“Pole sana kwa msiba, dada Anatolia,” Noela aliandika. “Naona aibu kukuletea habari hii wakati huu, lakini makala imekataliwa. Asilimia sabini na moja.”

“Msiba gani?”

“Huyu Mama Adelgunda. Si amefariki?”

Anatolia alisoma tena alichotuma. Kweli, mama wa watu alikuwa ameishi, amelima, amependa ibada, na hakuna mahali alipokuwa anafanya lolote leo. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa ile sabini na moja, maana safari hii hakunakili kwa mtu yeyote. Akafungua ripoti kwa hasira. Makala yake yote ilikuwa imepakwa njano, na chini yake paliorodheshwa mahali maneno yalipopatikana, na pote palikuwa mahali pamoja tu: ukurasa wa usharika wao wenyewe. Mwinjilisti, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameuweka mtandaoni kila wasifu ambao karatasi yake ilikuwa bado ipo, ili watoto walioko Mwanza na Dar es Salaam waweze kuwasoma wazee wao. Marehemu kumi na mmoja. Wa nne kutoka juu alikuwa Jovin.

“Hayo maneno ni yangu,” Anatolia aliandika, vidole vikigonga simu kwa nguvu. “Niliyaandika mimi. Mtu hawezi kujiibia.”

“Dada, mfumo hauulizi maneno ni ya nani. Unauliza kama yamewahi kusemwa.” Baada ya muda likaja jingine. “Na usinichukie, lakini nimewasoma wote kumi na mmoja. Nimeshindwa kuwatofautisha. Nimekuombea siku saba uandike upya. Ikirudi tena akaunti inajifunga yenyewe, mimi sina mamlaka.”

Ilimuuma. Angekemewa kwa uvivu angevumilia, lakini kuambiwa kwamba kwa miaka kumi na mbili amekuwa akizika mtu mmoja, na kuambiwa na binti ambaye hajui hata harufu ya udongo wa Rugu, hilo lilimshinda. Jioni ile alijaribu njia ya mkato. Hodari akaifanya shupavu, mkarimu akaifanya mwenye moyo wa kutoa. Akajisomea, akaona ni marehemu yuleyule amevalishwa shati jingine, akafuta. Asubuhi akashika fimbo yake, akaenda kwa Adelgunda.

Alimkuta amekaa juu ya mkeka, anachambua buni kwa vidole, maana jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho na la pili linamfuata mwenzake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nani amekufa?”

Hivyo ndivyo alivyopokelewa, na hakuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa nyumba nyingi alizoingia aliingia kwa ajili hiyo. Akakaa. Adelgunda akamsogezea kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa ya kuchemsha ambayo mgeni hutafuna kabla hajasema kilichomleta. Anatolia akatafuna mbili, akasema. Alisema yote, pamoja na asilimia, pamoja na akaunti, pamoja na kwamba amekwisha kumwandika bila kumwuliza.

“Unaniandikia wasifu na bado ninakula?”

“Si wasifu, mama. Ni makala.”

“Nisomee.”

Akasomewa. Alisikiliza hadi mwisho mikono ikiwa imetulia juu ya buni.

“Huyo amekufa vizuri sana,” akasema. “Lakini si mimi. Mimi nimekaa hapa.”

“Basi niambie wewe ni nani.”

Adelgunda hakujua aanzie wapi, maana hakuna aliyewahi kumwuliza, kwa hiyo akaanzia palipokuwa karibu: mpaka wa shamba. Yeye na Theoneste, jirani wa chini, walikuwa hawasalimiani mwaka wa tisa. Kesi aliianzisha Jovin, akidai mimea ya mpaka imehamishwa hatua nne. Jovin akafa, kesi ikabaki na mjane kama sufuria na jembe. Ameipeleka baraza la kata mara sita. Alizitaja zote sita, na mvua iliyonyesha kila mara, na shahidi gani alikuwa amekunywa nini. Anatolia aliandika hadi mkono ukamwuma.

Kisha mama wa watu akasema jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa. Kila upepo wa masika unapoanza, huamka kabla ya jua, akakata miti shambani kwake, akaenda kuegemeza migomba ya Theoneste iliyoinamia mpakani. Miti yake, mikono yake, migomba ya mtu asiyemsalimia. Miaka tisa.

“Kwa upendo?” Anatolia aliuliza, kalamu ikiwa tayari.

“Upendo wa nini, waitu! Mkungu wake ukiangukia kwangu atasema nimeukata. Sitaki ushahidi wa kusingiziwa.” Akatema ganda la akamwani. “Na tena mkungu mzuri kuanguka bado mchanga, unauma. Nani anaweza kuangalia kitu kama hicho?”

Anatolia aliandika na hilo. Alikuwa amepata makala, na alijua amepata, na moyo ulimdunda kama wa msichana. Alipokuwa anafunga daftari, Adelgunda akamshika mkono.

“Lakini mwisho uweke ile ya Jovin.”

“Ipi?”

“Ile ya majirani. Aliishi kwa amani na majirani wote, mtu wa watu. Mpaka mlango.”

“Mama, ndiyo wanayoikataa! Na wewe mwenyewe umenieleza kesi sita.”

“Kesi aliianza Jovin. Ukamsomea hiyo sentensi mbele ya watu, na Theoneste alikuwa amesimama pale kwenye mgomba, akaitikia Amina. Nilimsikia. Mimi niliyeachiwa tu, nisemwe bila hiyo? Watu watauliza nimefanya kosa gani kubwa kuliko la Jovin.” Mkono wake ulikuwa bado umeshika. “Maneno yaleyale. Usinibadilishie.”

Anatolia akaahidi. Angefanyaje?

Aliandika siku tatu. Aliandika mvua, miti ya kuegemeza, mashahidi, jicho, kikapu cha akamwani, na mwishoni akaiweka sentensi ya Jovin ilivyo, kama alivyoahidi. Kabla ya kutuma, mfumo uliruhusu kupima mara moja. Alipima siku ya sita, nyuma ya kanisa. Ulizunguka, ukazunguka, ukaleta kumi na saba.

Karibu makala nzima ilikuwa nyeupe. Palipokuwa na njano ni jina la kata na wilaya, vipande viwili vitatu vya mazungumzo ya kawaida, na pale chini, kuanzia amani hadi mgeni, mstari mmoja mrefu wa njano iliyokolea. Kata na wilaya hakuweza kuzibadilisha. Sentensi aliweza kuigeuza, lakini aliyeiomba alikuwa ameomba isigeuzwe, na kuiweka nusu kungekuwa kumdanganya kwa ujanja. Akakaa na simu mkononi mpaka jiwe likapata baridi. Alifikiria jembe asiloweza kuinua. Alifikiria sahani ya ndizi na maharage. Kisha akaifuta sentensi yote, akatuma, na akajisikia mwizi kwa mara ya kwanza tangu shughuli hii ianze, ingawa sasa hapakuwa na mfumo wa kumwambia.

“Kumi na tatu!” Noela aliandika. “Imepita. Dada, huyu mama nimempenda. Kesho inatoka. Kwa nini hukuniletea huyu tangu mwanzo?”

Anatolia akaizima simu, akarudi nyumbani.

Makala ilipotoka, habari ilifika kwa Adelgunda kabla ya Anatolia, kama habari zote za Rugu. Alimkuta amevaa kitenge cha ibada, siku ya Jumatano, na mkeka ameuhamishia chini kabisa, ukingoni mwa shamba, hatua chache kutoka mpakani.

“Tusomee hapa,” akasema. “Hapa pana hewa.”

Hewa ilikuwa ileile ya kule juu. Lakini ng’ambo ya mimea ya mpaka Theoneste alikuwa anapunguza majani ya migomba, panga lake likisikika, na Anatolia alielewa. Akasoma kwa sauti ya kaburini, ile inayofika hadi kwa waliosimama nyuma. Akasoma kesi sita. Panga liliendelea. Akasoma miti ya alfajiri na mikungu iliyoegemezwa, na panga likanyamaza. Adelgunda hakugeuza kichwa. Alikuwa ameinamisha uso, mikono mapajani, kama watu wanavyokaa wanaposubiri sehemu yao.

Makala ikaisha. Chini yake palikuwa na jina la Anatolia, na chini ya jina tangazo la sabuni. Adelgunda hakusogea. Alikuwa bado anasubiri.

Anatolia alishika simu karibu na macho, kama mtu anayetafuta mstari.

“Anaishi kwa amani na majirani wote,” akasoma, “ni mtu wa watu, mkarimu, mpenda ibada, na mlango wake haufungwi kwa mgeni.”

Kuku akapita. Ng’ambo kule mtu alikohoa, kikohozi kifupi cha mzee aliyetaka kusema neno kisha akaona aibu.

“Hajasikia vizuri,” Adelgunda alinong’ona. “Rudia hapo. Hapo tu.”

Kioo cha simu kilikuwa kimeshazimika. Anatolia hakukiwasha. Akainua sauti, akairudia kuanzia amani hadi mgeni, neno kwa neno, bila kukosea hata moja.