Barafu Iliyoyeyukia Msibani

Kazi yangu ni maabara, na kwa miaka mingi nimewakemea watu wanaoahidi wasichoweza kutimiza. Ningepaswa kuanza na mimi mwenyewe.

Wakati wa homa ile ya mapafu, mama mmoja pale Ulemo alifariki siku chache baada ya mkwe wake, mke wa mwanawe, kurudi kutoka Dar es Salaam akikohoa. Ukoo ulishakata shauri hata kaburi halijachimbwa: mkwe ndiye aliyeleta ugonjwa. Sampuli ya marehemu ilikuwa imechukuliwa zahanati, nikapita kuichukua asubuhi ya mazishi, kisha nikaenda kuwachukua watu wa nyumba ile sampuli za puani. Yule mkwe alinivuta nyuma ya ghala la alizeti.

"Mama daktari, hicho kipimo kitajua kama ni mimi?"

Nikamweleza kwamba kirusi kikipita kutoka mtu hadi mtu hubadilika kidogo kidogo, na maabara kubwa husoma vinasaba vyake. Kama chake na cha mama mkwe ni vya aina tofauti, basi si yeye aliyemwambukiza. Nikasema kitajua. Alilia kwa furaha. Nauchukia mdomo wangu huu.

Nilifunga kisanduku cha barafu chenye sampuli kwenye pikipiki, chini ya mti, niondoke. Wazee wakanizuia: mtu haondoki msibani bila kula. Mimi ni Mnyiramba kama wao, najua kukataa chakula cha msiba ni kuwaambia wafiwa kwamba unawaogopa, tena ukiwa umevaa barakoa. Nikakaa. Ugali wa mtama na mlenda ulikawia, maana waliochimba kaburi ndio hula kwanza. Nilipotoka, kivuli kilikuwa kimehama zamani na barafu yote ilikuwa maji ya uvuguvugu. Nikazipeleka sampuli hivyo hivyo, nikimwomba Mungu. Mkubwa wangu wa kazi hajui hadi leo.

Majibu yalichukua wiki nyingi. Sampuli za nyumba nyingine zilionyesha kwamba kata yetu ilikuwa na aina mbili za kirusi, kila moja imeingia kwa njia yake. Sampuli za nyumba ile zilikuwa zimeharibika zote, hazisomeki.

Nikaenda kuwaambia mwenyewe. Baba mkwe alinisikiliza kwa adabu, akasema basi hakuna kilichobadilika. Mkwe alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake arudishwe kwao. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa anabaki, kwa kuwa ni wa ukoo. Mkwe aliniamkia shikamoo vizuri tu, kama siku ya kwanza.

"Ulisema kitajua, mama."

Nilimwambia barafu iliyeyuka njiani. Ni uongo. Iliyeyuka pale pale kwao, huku mimi nikila ugali aliousonga yeye.