Somo Lisilo na Mteja

Kosa langu lilikuwa kusema ukweli. Mteja aliingia kibarazani kwangu hapa Titye, akanikuta kwenye cherehani na waya wa simu masikioni, akauliza, "Leo unasikiliza nini, fundi?" Nikamjibu kwamba nasoma sayansi ya mimea. Ningesema nasikiliza kwaya, ningebaki na amani yangu.

Niliishia kidato cha nne, na matokeo yake nyumbani hatuyataji. Baadaye nikagundua kuwa mtandaoni kuna masomo ya bure ya kila aina. Mikono inashona, masikio yanasoma. Ukimaliza somo na kufaulu mtihani wake, unatumiwa cheti chenye jina lako. Nilitaka cheti kimoja tu. Cha somo lolote, ilimradi niweze kusema nimelimaliza.

Kesho yake kabla sijafungua mlango, jirani alikuwa amesimama nje na jani la mgomba.

"Mwakeye, fundi. Kuuliza si ujinga. Huu ni ugonjwa gani?"

Nilikuwa nimesikiliza mwanzo tu wa somo, jinsi mmea unavyotumia mwanga wa jua. Nikamwambia sijui. Akacheka, "Usinibanie bwana." Haikuchukua muda ukuta wangu ukawa umeegemezwa mashina ya mihogo yenye ugonjwa wa batobato, na bibi harusi aliyekuja kupima gauni akauliza kama nimeacha ushonaji. Nikaliacha somo.

Nikahamia sheria. Jamani! Ndugu wawili walikuja wakigombea mpaka wa shamba, mmoja ameung'oa mche wa mpaka na kuuleta na udongo wake, eti ushahidi. Nikakimbilia saikolojia. Mama mmoja akamleta mumewe mlevi, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akasema, "Huyu hapa. Mrekebishe." Nikampima suruali, maana ndicho pekee ninachoweza kurekebisha. Nikaingia elimu ya anga, na hazikupita siku nyingi akaja mtu kuulizia bei ya kusafisha nyota ya mwanawe.

Kila nikisema sijui, wananiona mchoyo. Na kila somo nililiachia njiani, kama mbuzi anayeonja huku na kule. Kanisani wenzangu walinitania kwamba elimu haina mwisho. Yangu ilikuwa haina hata katikati. Nilichoka, nikakasirika, nikakaa chini kutafuta somo moja tu ambalo hakuna mtu hata mmoja Titye angelihitaji.

Nikalipata: historia ya nchi za Maziwa Makuu. Nani angeniletea ufalme unaougua? Na safari hii kila aliyeuliza nilimwambia ni kwaya.

Kumbe mteja wa somo hilo alikuwa ndani ya nyumba yangu.

Mama anaishi nami. Mchana hukaa mkekani karibu na cherehani, anapukuchua maharage, na masomo yangu hakuwahi kuyajali. Lakini waya wa masikioni ulikatika, nikalazimika kusikiliza kwa sauti. Mwalimu akasema kwamba watu wengi walivuka mpaka kuja Tanzania. Mikono ya mama ikasimama.

"Muulize kwa nini."

"Haulizwi, mama. Amerekodiwa."

"Mwalimu gani haulizwi?"

Nikarudisha nyuma. Mwalimu akasema sababu ilikuwa machafuko, akaendelea na mambo yake. Mama akatikisa kichwa.

"Oya, hapana. Machafuko tuliyasikia. Mimi nilikuja mgongoni mwa mama, dada yangu akabaki ng'ambo ya mpaka. Kwa nini sisi tukaja, yeye akabaki? Mama nilimuuliza mpaka tukamzika kule Kibondo. Alikuwa anajibu, 'Tulikuja,' anaendelea kusonga ugali."

Umri wote huu nilikuwa sijawahi kusikia kwamba mama ana dada. Nilishtuka, nikataka kuuliza jina lake, lakini mama alikuwa amekwisha kuielekea simu.

Tangu siku hiyo sikupumua. Mkeka ulisogezwa mpaka ukagusa cherehani. "Rudisha hapo. Anasema nini? Niambie kwa Kirundi." Bando linaisha, sare za watoto wa watu hazijashonwa, na mimi namtafsiria mama habari za kodi ya wakoloni na bei ya kahawa. Mwalimu akitaja kilima chochote, mama anainua kichwa. "Amefika kwetu?" "Bado, mama." Nilikasirika, nakiri. Nilimkasirikia mama, kisha nikamkasirikia yule mwalimu zaidi, kwa sauti yake ile tulivu ya mtu asiyewahi kuachwa na yeyote.

Nililimaliza. Katika mtihani kulikuwa na swali la kwa nini watu walihama, na majibu manne ya kuchagua. Nikachagua, nikapata. Cheti kikaja, jina langu limeandikwa sawasawa. Nilienda Kasulu mjini kukichapisha kwa rangi, nikarudi nacho kifuani kisikunjike, nikamwekea mama mapajani.

Mama hajui kusoma. Alipitisha kidole juu ya maandishi.

"Inasema nini?"

"Inasema nimefaulu, mama. Historia ya huku kwetu naijua."

Akasogeza ungo wa maharage pembeni. Akavuta kitenge, akafunika miguu, akakaa vizuri.

"Ego, mwana wanje. Haya mwanangu, niambie kwa nini alibaki."

Watu wote wa Titye niliwaambia sijui, wakakataa kuniamini. Mama nilipomwambia sijui, aliniamini palepale, akauvuta ungo wake, akaendelea kupukuchua.