Mshale wa Katikati

Sadock, fundi umeme wa magari pale Makambako, hakuwahi kufunga waya kwa tepu peke yake. Baridi ya mwezi wa saba huua gundi ya tepu, na ikifika Agosti kila ulichokifunga kimeachia kama ndoa ya mjini. Kwa hiyo juu ya tepu alizungusha uzi wa sufu, mabaki ya masweta ya shule ambayo mke wake, Nelly, aliyafuma kwa mashine sebuleni. Miaka ya masweta ya bluu, magari yalifungwa bluu. Shule ilipohamia rangi ya damu ya mzee, magari nayo yakahama. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anayavisha magari kama watoto wachanga. Yeye aliwajibu kwamba watoto wake hawarudi wakilia.

Alitoka Ludewa akiwa na miaka kumi na tisa, amekaa juu ya magunia ya mahindi, mfukoni ana bisibisi moja na cheti cha kipaimara. Bisibisi ndiyo iliyompatia kazi. Sasa alikuwa na uwanja wake kando ya barabara ya Njombe, anaimba besi kwaya ya usharika, na alisifika kwa mambo mawili: mkono mwepesi na kutouliza maswali. Ukimwambia fanya hivi, anafanya hivyo. Madalali wa magari walimpenda kwa hilo. Mtu akishapendwa na madalali inabidi ajichunguze, lakini Sadock alikuwa na kazi nyingi.

Jumanne moja ukungu ulikuwa umelala barabarani, malori yanasikika kabla hayajaonekana. Uwanjani ilikuwepo pikapu ya kijani, ya miaka ya sabini, iliyolazwa hapo tangu jana yake jioni. Umande ulikuwa umeganda kwenye boneti, mweupe kama unga wa sembe. Mwenyewe, Mzee Filemoni, mkulima wa viazi wa Njombe, alisimama pembeni amevaa makoti mawili.

"Shikamoo, Baba Peace."

"Marahaba. Kamwene, fundi."

"Kamwene. Hujaganda hapo?"

"Baridi yenu hii ya kitoto. Njoo Njombe uwaone wazazi wake."

Sadock akacheka. "Haya, mgonjwa ana nini?"

"Geji ya joto. Mshale hauchezi. Asubuhi katikati, mlimani katikati, nikishuka katikati. Gari nimelinunua mwezi wa nne, sijauona mshale ukijikuna hata siku moja."

"Si bora? Wenzako wanaomba usiku na mchana mshale ukae katikati."

"Ningesema hivyo hivyo. Ila jana, kutoka Njombe hadi hapa, nimejaza maji mara mbili." Mzee alishusha sauti, kama vile pikapu ingemsikia. "Na kesho nampeleka Mama Peace Ikonda, hospitali. Keshokutwa anapasuliwa. Hawezi kukaa, fundi, akikaa anapiga kelele. Huko nyuma tumeshatandika godoro, alale. Sasa ile milima ya Makete, ukungu wake, nizimikiwe kule juu na yeye amelala nyuma..."

Sadock akaelekea kwenye pikapu.

Akafungua mlango, akawasha swichi bila kupiga injini. Mshale ukainuka taratibu, ukatulia katikati kabisa. Sadock aliutazama, kisha akatazama nje, kwenye boneti yenye barafu. Injini iliyolala nje usiku kucha, baridi kama kaburi, geji inasema iko vuguvugu na inajisikia vizuri.

"Umeona?" Mzee akauliza.

"Nimeona."

Akafungua boneti, akatafuta sensa, kile kidude cha shaba kilichochomekwa kwenye injini ili kiyapime maji. Akachomoa waya wake. Hapo mshale ulipaswa kuanguka, maana haupati habari tena. Haukuanguka. Akaugusisha ule waya kwenye chuma cha injini. Hapo ulipaswa kuruka hadi kwenye nyekundu. Haukutikisika.

"Kwa hiyo geji imekufa," alisema Mzee.

"Ingekuwa imekufa isingeinuka. Iko hai. Ila kuna mtu mwingine anayezungumza nayo, si injini."

Akalala chali chini ya dashibodi na tochi ya simu mdomoni. Waya kutoka kwenye injini aliufuata kwa vidole mpaka nyuma ya geji, na huko akakuta umekatwa. Mahali pake palifungwa rezista, kadude kadogo kama punje ya mchele, kenye mistari ya rangi. Kazi yake ni kuidanganya geji: kila swichi ikiwashwa, mshale unapanda nusu ya njia na kukaa hapo, injini iwake moto, isiwake moto.

Juu ya rezista palikuwa na tepu. Juu ya tepu palikuwa na sufu ya bluu.

Sadock akaijua sufu yake. Pikapu ilikuwa nyeupe wakati ule, ndiyo maana hakuitambua. Dalali Shadrack ndiye aliyeileta, miaka mitano iliyopita, inatoa mvuke kama sufuria ya makande. "Ikae katikati tu, fundi, mteja asipate presha." Ilimchukua dakika ishirini. Siku hiyo hiyo jioni alikwenda mazoezi ya kwaya, na aliimba vizuri.

"Umepata?" sauti ya Mzee ilitoka juu.

"Nimepata."

Akakitoa kile kidude, akakitia mfukoni. Akaunga waya halisi, akarudia majaribio yake: akiugusisha kwenye chuma mshale unaruka, akiuachia unaanguka. Geji nzima. Akarudisha waya kwenye sensa, akafungua kifuniko cha rejeta, akajaza maji, akamwambia Mzee apige injini.

Mwanzoni mshale ulilala chini kama inavyopasa. Kisha ukaanza kupanda. Ukafika katikati, Mzee Filemoni akatabasamu. Ukapita. Tabasamu likabaki bila mwenyewe. Gari limesimama, halijabeba hata kiazi, Makambako ya mwezi wa saba, na mshale unaendelea kupanda. Kwenye mdomo wa rejeta maji yalianza kutoa mapovu makubwa, moja moja, kama mtu anayepumulia ndani ya bwawa.

"Zima," alisema Sadock. "Zima, Baba."

Hewa ilinuka chuma cha moto.

"Gasketi ya silinda imeungua," Sadock akasema. "Moto wa injini unaingia kwenye maji. Hili halifiki Ikonda."

Mzee alishuka polepole. "Fundi, nimekuletea gari mshale uko katikati. Wewe unanirudishia mshale uko kwenye nyekundu. Na sasa unataka kufungua injini."

"Baba Peace—"

"Nyie mafundi nawajua. Rudisha kama ilivyokuwa. Nitajaza maji njiani. Imetoka Njombe, itafika."

Hapo Sadock angeweza kunyamaza. Mzee angechukua gari lake, na kama lingezimika kwenye ukungu wa Makete, nani angekuja kufungua dashibodi? Akakitoa kile kidude mfukoni, akakiweka juu ya boneti.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinakwambia katikati. Si injini."

"Nani alikiweka?"

"Mimi."

Mzee akaiangalia ile sufu, kisha akaitazama dashibodi ya gari jingine lililokuwa likisubiri uwanjani, nyaya zake nje, zimezungushiwa sufu. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Ulijua kwamba linachemka?"

"Nilijua."

"Ukafunga."

"Nikafunga."

Mzee Filemoni hakumpiga wala hakumtukana. Alitoa simu, akampigia shemeji yake aliyekuwa nyumbani na mgonjwa. "Enoki, tafuta gari lingine la kesho. Hapana, si pikapu. Kodi yoyote, lakini si pikapu kutoka huku." Akakata. Akamgeukia Sadock.

"Umeyafunga mangapi hivi?"

Sadock alianza kuhesabu, akapoteza hesabu. Miaka mitatu ya bluu, miwili ya damu ya mzee.

Mzee alishaondoka kuelekea stendi wakati honi ilipolia kutoka kwenye ukungu. Pikapu ya Lenard, mteja wake wa zamani, magunia ya mbolea, na juu ya magunia wanawake wanne wamejifunika kanga, inaelekea Njombe. Sadock aliijua: mshale wake nao aliufunga yeye, katikati. Akakimbia hadi katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili. Lenard, aliyezoea mizaha yake, akamkwepa, akapiga honi mara mbili, na wanawake wakampungia. Ukungu ukawafunga.

Sadock akarukia bodaboda ya kwanza aliyoiona.

"Ifukuze hiyo pikapu."

"Kuna nini, fundi, amekuibia?"

"Hapana. Kaza mafuta, kabla hajaanza mlima."