Risasi Iliyoingia Bila Taabu

Bildad Ooko ni fundi wa bunduki mjini Kisumu, na kwa miaka kumi na minne alikuwa hajamgusa mama mkwe wake hata kwa kidole. Kwao, mwanamume hampi mama mkwe mkono, hamkodolei macho, wala hambishii. Akiteleza, anawapelekea wakwe mbuzi wa faini. Na Mama Adongo hakuwa mtu wa kubishiwa hata na wenye mbuzi wengi.

Jumanne moja mama huyo alitoka Bondo na bunduki ya marehemu mumewe, kibali na karatasi zote zikiwa sawa. Tumbili walikuwa wamemmalizia mahindi. Ooko aliisafisha, akaiweka mezani, macho yake kwenye kalenda ya ukutani. Hapo mama akatoa mkobani boksi kuukuu la risasi.

Ooko alilitupia jicho. Bunduki ile hula risasi za 22 magnum, nene na ndefu. Za boksini zilikuwa 22 za kawaida, nyembamba.

"Waithera," alimwambia mwenye duka, "mwambie Mama hizo si za bunduki hii."

"Anasema si zenyewe," Waithera akasema.

"Mwambie imeandikwa 22 huku na 22 huku," mama akajibu. "Mimi nimesoma."

"Mwambie namba ni moja, unene si mmoja."

Waithera akachoka. "Fundi, mama mkwe ni wako." Akatoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

"Na mbona inaingia?" Mama Adongo akaiuliza kalenda, maana naye ana heshima zake. Akatumbukiza risasi moja. Ikateleza ndani bila taabu. Jamani, heri ingekataa! Risasi inayokataa haina ubaya. Inayoingia ikapwaya ndiyo hupasuka ganda, moto ukamrudia mpigaji usoni. Mama akalishika komeo la bunduki alifunge.

Ooko akamdaka mkono.

"Baba Elsie," mama akasema polepole, "umenishika."

"Nimekushika, Mama." Akaitoa ile risasi. Liwalo na liwe. "Hili kovu chini ya jicho langu, siku ya mahari niliwaambia ni pembe ya ng'ombe. Hakukuwa na ng'ombe. Ilikuwa bunduki kama hii na risasi kama hizi, na tayari nilikuwa naitwa fundi."

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Mama Adongo akamgeukia, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akalikagua lile kovu kama mtu anayenunua samaki.

"Ilikosa jicho kwa kiasi gani?"

"Punje ya mahindi, Mama."

Akalisukuma boksi upande wa Ooko, akachukua mkoba wake. Mlangoni akasimama.

"Mbuzi utaleta."

"Nitaleta, Mama."

"Mlete mchana. Nataka kumwona vizuri, kwa macho yangu yote mawili."