Wimbo wangu ulivyolaza harusi nzima kifudifudi

Mimi nimewahi kulaza watu zaidi ya mia mbili chini kwa wimbo mmoja. Kifudifudi, na nguo zao za harusi.

Sikuwa na bunduki. Nilikuwa na biti niliyoitengeneza kwa mikono yangu, na kati ya hao waliolala alikuwemo mzee niliyetaka anipe binti yake.

Wacha niwape yote, na msinicheke kabla sijamaliza.

Naitwa Kimanzi, Mkamba wa kuzaliwa hapa hapa Voi. Mama ana shamba nje kidogo ya mji, upande ndovu wanakopita wakitoka mbugani. Amelizungushia mizinga ya nyuki, imening'inia kwenye waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu na ukubwa wake wote anakumbuka kwao.

Nimekula, nimesoma na nimelala kando ya mizinga hiyo tangu utotoni. Mvumo wa nyuki kwangu si sauti. Kwetu ule ndio ukimya wenyewe.

Basi, nikampenda Wakesho.

Wakesho ni wa Mbololo, huko milimani, anauza dawa za mifugo hapa mjini, na akicheka anakoroma kidogo. Tulipendana mwaka mzima babake hajui. Kisha akajua.

Babake ni Mzee Thadeus, mwalimu mkuu mstaafu. Nilipoenda kujitambulisha, swali la kwanza lilikuwa kazi.

"Mimi ni DJ, Mwalimu. Natengeneza na muziki pia."

"Vyombo vyako viko wapi?"

"Niko karibu kununua."

Alinitazama kama aliyepewa karatasi ya mtihani isiyo na jina.

"Elsie, dadake Wakesho, anaolewa mwezi wa nane," akasema. "Muziki utapiga wewe. Ukiweza, lete wazee wenu tuongee. Ukishindwa, hii njia ya kuja kwangu uisahau."

Nilikuwa na wiki sita. Nikauza pikipiki yangu, nikamtafuta Kituku.

Kituku amepiga muziki Voi miaka mingi, mpaka sikio lake moja limeanza kujichagulia la kusikia. Nilimkuta akila chapo madondo, yaani chapati na maharagwe.

"Skiza, buda," akaniambia na chapati mdomoni. "Wewe ndio unaanza. Chukua kontrola ndogo, kile kibao cha visahani viwili. Usitafute kubwa. Laptop uko nayo. Halafu hedifoni poa, zile za kufunika masikio. Hapo usihurumie mfuko."

"Na spika?"

"Spika unakodisha, kila mtaa uko na msee wa spika. Lakini hedifoni ni zako. Bila hedifoni unapika bila kuonja."

Jioni nilimhadithia mama, lakini kwangu maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Kwa sababu dukani niliziona. Spika mbili, kila moja imenifika kifuani, na katikati ina taa inayogeuka nyekundu, kijani, zambarau. Jamani, nilipenda. Hata Wakesho siku ya kwanza sikumwangalia hivyo.

Nikachukua spika, nikachukua na kontrola. Muuzaji akaweka hedifoni mezani, nyeusi, hazina taa hata moja.

"Na hizi?"

"Hizo nani ataziona?" nikamjibu.

Nyumbani, mama alizizunguka zile spika mara mbili.

"Sasa Kimanzi, hivi vitu vitalala wapi?"

Vililala kitandani kwangu. Mimi nikalala sebuleni. Na mama akaweka sheria moja, kwamba nisiziwashe pale nyumbani hata kwa dakika, kwa maana nyuki wake hawapendi kelele. Nikakubali. Siku ya kuziwasha ilikuwa inakuja.

Nikaanza kutengeneza wimbo wa kufungua dansi ya maharusi. Sikutaka wimbo wa mtu mwingine, nilitaka Mzee Thadeus ajue binti yake amepata fundi. Nikatoa simu nirekodi sauti za nyumbani. Mama akitwanga kwenye kinu, mimi nikipiga makofi, mbegu zikichezea ndani ya kibuyu. Ndani hapakuwa na nafasi, spika zilishamaliza nyumba, kwa hivyo tukarekodi nje.

Kando ya mizinga.

Nikaingiza kila kitu kwenye laptop, nikapanga, nikasikiliza kwa vispika vyake vidogo, ambavyo sauti nzito havitoi kabisa. Nikasikia kinu na makofi, safi. Programu ikanipa nafasi ya kuongeza besi. Nikaongeza mpaka mwisho, kwani nilikuwa nimenunua spika za nini?

Jumamosi ya harusi, saa tisa alasiri, Mbololo nzima ilikuwa kwa Mwalimu. Hata wanaolindaga mashamba walikuja kula. Saa ya kwanza nilipiga nyimbo za watu na mambo yakaenda vizuri. Wazee walitikisa vichwa. Wakesho alinitupia jicho kutoka meza ya maharusi, nikahisi nimeshaoa.

Elsie na bwanake wakaitwa wafungue dansi. Nikashika maikrofoni.

"Huu wimbo ni wangu. Kwa heshima ya Mwalimu Thadeus."

Makofi yakaanza, kinu kikafuata. Nikaona mguu wa Mzee Thadeus unagonga chini taratibu. Machozi yalinilengalenga, siwadanganyi.

Kisha besi ikaingia.

Sasa kuna jambo moja la Mbololo sikulijua. Mwaka uliotangulia nyuki walikuwa wamevamia mkutano pale kijijini, na tangu hapo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, akisikia ule mvumo analala chini na kufunika uso. Hangoji kuuliza.

Spika zilitoa "vuuuuuu" ya mizinga kumi na miwili.

Watu wakalala. Pasta alilala, mpiga picha akalala juu ya pasta. Mama mmoja alimwaga pilau akavaa sufuria. Bwana harusi alijifunika kwa shela ya Elsie, na Elsie akawa anaivuta kwake. Mzee Thadeus aliingia chini ya meza ya keki, vikabaki viatu.

Na mimi? Mimi nilisikia kinu na makofi tu. Nikadhani ni dansi mpya ya huku milimani, nikaongeza sauti.

Tuliobaki bila kulala tulikuwa wawili, mimi na mama yangu, niliyekuja naye. Alikuwa kwenye kiti chake na sahani mkononi.

"Mbona wamelala?" akaniuliza.

Wakesho alikuja akitambaa na gauni lake la zambarau, akanishika suruali. "Kimanzi, zima nyuki."

"Nyuki gani?"

Akang'oa waya. Kimya kikaingia, na hapo ndipo nikausikia ule mvumo, kwa kuukosa.

Mzee Thadeus alitoka chini ya meza na krimu ya keki kwenye paji la uso. Hakupaza sauti, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Kijana, kusanya vitu vyako urudi kwenu."

Wakesho alikuwa analia. Nilianza kukunja nyaya, nikijua nimempoteza kwa ujinga wangu mwenyewe.

Ndipo Jedidah akatokea. Huyu ni jirani wa Mwalimu, alikuwa amebaki nyumbani kwake kwa sababu ya mguu mbovu, na sasa alikuwa anakuja mbio na huo mguu mbovu.

"Mwalimu, ndovu walikuwa kwa mahindi yako."

Tulikimbia wote nyuma ya nyumba. Ua ulikuwa umelala chini. Nyayo kubwa zilikuwa zimeingia shambani mpaka mstari wa nne wa mahindi, halafu zikageuka. Za kutoka zilikuwa zimeachana mbali, kama za mtu anayekimbia. Na njiani walikuwa wamedondosha mavi ya haraka.

"Walikuwa watano," Jedidah akasema akihema. "Wakaanza kuvunja tu, nikasikia nyuki kutoka hapa kwenu. Walivyogeuka, mmoja alimkanyaga mwenzake."

Mzee Thadeus aliziangalia zile nyayo muda mrefu. Akaniangalia. Akarudi kwa wageni, na mimi nikaondoka na spika zangu.

Jumatatu simu ikaita.

"Lete wazee."

Tulienda, mjomba wangu Musyimi mbele. Baada ya chai Mzee Thadeus alivaa miwani, akasoma orodha ya mahari kwa mwandiko wake wa ubaoni. Mbuzi. Blanketi la nyanyake Wakesho. Sukari.

"Na spika mbili," akamalizia, "pamoja na ule wimbo."

Mjomba Musyimi, ambaye hajawahi kukubali bei ya kwanza maishani, akaomba iwe spika moja.

"Moja italinda upande mmoja wa shamba," Mwalimu akasema.

Hivi ninavyoandika ziko Mbololo, chini ya mabati, zimeangalia mbugani. Kila jioni wimbo wangu unapigwa mara tatu. Wasikilizaji wana masikio makubwa, lakini hakuna anayebaki kucheza.

Na mimi nimebaki na kontrola na laptop, basi. Siku tulipofunga ndoa Wakesho alinipa zawadi yake, hedifoni nyeusi, hazina taa hata moja.

Nikazivaa, nikaufungua ule wimbo, na kwa mara ya kwanza nikausikia wote. Nyuki walikuwepo kweli, wengi. Kinu kilikuwepo. Na mbali, nyuma ya kinu, kulikuwa na sauti ya mama ambayo siku ya kurekodi sikuisikiliza hata akiwa mbele yangu.

"Kimanzi, na zile za masikio Kituku alisema, ulinunua?"

Kwa hivyo wewe unayetaka kuanza, nunua kwanza cha kukusaidia kusikia. Cha kusikika utakodisha. Na mtu akikupa ushauri akiwa anakula chapo madondo, mlipie chai, umsikilize mpaka mwisho.