Nyanyako Ndiye Aliyenikondesha

Nakumbuka asubuhi moja kule Kimilili, kabla wewe hujazaliwa, nyanyako alipokuja mlangoni kwangu amebeba sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, nami nikamwambia nimeshiba. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri. Nilikuwa nimeshiba nini saa hiyo, mwanangu, hata mimi sijui.

Nimeikumbuka kwa sababu ya simu yetu ya Jumapili. Nilikuuliza kama umekunywa chai, ukanijibu, "Mum, si niko diet bana," ati unakunywa maji ya ndimu mpaka mchana. Kisha jana mwenzako wa dukani akanipigia kunieleza kwamba ulishikwa na kizunguzungu ukaketishwa chini mbele ya wateja. Usimkasirikie, amefanya vizuri. Lakini jambo hilo limenikaa rohoni, na ndiyo maana nimeamua kukusimulia yote, wewe na wasichana wenzako huko Kitale mnaodhani njaa ni dawa.

Mimi, kama ujuavyo, nililelewa nje kidogo ya Kitale hiyo hiyo, katika watu waliotoka Mkoa wa Kati wakaja kulima mahindi. Niliolewa na babako, Mbukusu wa Kimilili. Mimi nilifundisha shule ya msingi, yeye alifanya kazi Webuye, enzi zile kiwanda cha karatasi kilipokuwa bado kinafuka moshi, akarudi wikendi. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa mimi na mama mkwe, nyumba mbili katika boma moja, jiko la kuni katikati yetu.

Kumzaa kakako Simiyu kulinitoa jasho. Presha ilipanda, wakanikimbiza hospitali ya Bungoma, nikakaa huko mpaka nikachoka kuhesabu mabati ya dari. Siku ya kutoka, sista mmoja mpole akaniketisha akaniambia kwamba nikitaka mtoto mwingine, kwanza nipunguze uzito na presha ishuke. La sivyo tungeweza kumpoteza mtoto, au mimi mwenyewe nisirudi nyumbani. Nami nilimtaka huyo mtoto mwingine. Nilizaliwa peke yangu kwa mama yangu, na upweke ule sikutaka Simiyu aurithi. Kwa hiyo, Nekesa, nilikutaka kabla sijajua jina lako.

Maneno ya sista sikumwambia mtu, babako nilimdokezea nusu tu. Unajua watu wa kule. Mke akinenepa, sifa ni za mama mkwe. Akikonda, lawama zote ni zake, na kijiji kizima kitasema anamnyima mke wa mwanawe chakula. Ningeanzaje kumwambia mama huyu kwamba nataka kukonda? Nikaona afadhali nijifanyie mambo yangu kimyakimya.

Na mambo yenyewe yalikuwa haya. Asubuhi nilikunywa strungi tupu, chai isiyo na maziwa, kikombe kimoja, nikaenda shule nikijisifu moyoni. Kipindi cha pili tumbo likaanza kunguruma mpaka watoto wa dawati la mbele wakaangaliana. Kisha ikafika chai ya saa nne. Mwanangu, wewe unaijua chai ya saa nne ya walimu. Linaletwa beseni la mandazi yanayotoka moshi na birika la chai iliyotiwa sukari kabisa, na mtu mwenye njaa hana macho ya kuona idadi. Nilikula langu, nikala la pili, nikamwuliza mwalimu wa jirani kama lake analimaliza. Jioni nilirudi nyumbani miguu inatetemeka, nikajenga mlima wa ugali nikaupanda hadi kileleni. Nilipopanda ratili kule kliniki, mshale ulikuwa umesogea mbele badala ya kurudi nyuma. Nikadhani mashine imeharibika.

Sasa chakula cha nyanyako je? Yeye alikuwa haamini kwamba mtu anaweza kwenda kazini na tumbo tupu. Kila alfajiri alichemsha nduma au viazi vitamu akaniletea. Siku nyingine nilikataa. Siku alizosisitiza nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, kisha nikapita nyuma ya jiko nikawamwagia kuku. Nilijiona mjanja sana. Lakini kuku hawana siri. Siku moja jogoo mmoja alibeba kipande kizima cha nduma akakikimbiza kuzunguka jiko, wenzake nyuma yake, mpaka mlangoni kwa nyanyako, ambako alikuwa ameketi akichagua maharagwe.

Asubuhi iliyofuata ndiyo akaja na ile sahani niliyokutajia mwanzo. Nilipomwambia nimeshiba, hakuondoka. Aliingia, akaiweka mezani, akaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nyumbani kwa mwanawe.

"Mama Simiyu," akaniambia, "jana kuku wamenirudishia chakula yangu. Kama ni mkono yangu unaona ni chafu, niambie. Kama ni kwa sababu mimi ni Mbukusu na wewe ni mtu wa kwenu, niambie pia. Lakini usinidanganye ati umeshiba."

Nililia, mwanangu. Sikujua kwamba mama yule alikuwa amekesha na wazo hilo, kwamba namdharau yeye na kabila lake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nikiuficha wangu kwa mtu aliyemtaka mjukuu kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Nikamweleza yote, presha, sista, strungi, na hofu yangu ya kufa nikamwacha Simiyu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anihurumie, kumbe akanikaripia.

"Sasa wewe unataka mtoto na unakaa na njaa? Ng'ombe ukimnyima majani asubuhi, jioni utakamua nini? Hiyo chakula unaifukuza asubuhi, saa nne inarudi na ndugu zake. Usiseme hapana. Mama anayewapikia mandazi tunaimba naye kwaya."

Hapo nilicheka huku machozi yakinitoka. Naye akacheka kidogo, halafu akasema Jumamosi tutaenda Bungoma sote wawili, akasikie maneno ya sista kwa masikio yake mwenyewe.

Alivaa nguo zake za kanisani. Sista akatueleza taratibu kwamba kupunguza uzito si kufa njaa. Nile asubuhi, akasema, tena nile kitu kinachokaa tumboni, kama maharagwe, yai, mboga za majani na kiazi kimoja badala ya lundo. Nipunguze sukari, mafuta na chumvi, na nitembee kwa miguu kwenda shule. Nyanyako aliuliza maswali kuliko mimi. Aliuliza kama kiazi kimoja ni kiazi cha ukubwa gani. Sista akajibu kama ngumi. Nyanyako akainua yake, ile ngumi ya mtu aliyeshika jembe miaka yote, na sista akamwambia hapana mama, ngumi ya mwalimu.

Sasa hapo kwenye yai pana jambo ambalo ninyi vijana wa leo hamlijui. Nyanyako alikuwa hajawahi kuonja yai maishani mwake, wala nyama ya kuku. Alivyolelewa yeye, hivyo vilikuwa vyakula vya wanaume. Mwanamke afuge, apike, aandae mezani, asionje. Mama yake aliishi hivyo na nyanyake pia. Siku hizo hakuna aliyemkataza tena, na hata mchungaji alishasema hakuna dhambi, lakini koo lake lilikataa. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema, naye mila yake aliishika kimya kimya bila kumsumbua mtu.

Lakini tangu Jumatatu ile alianza kunipikia mayai. Yale aliyokuwa akiyaacha yaatamiwe, akayaokota kwa ajili yangu. Na kwa kuwa hakuonja wala hakujua yai lililoiva linakuwaje, la kwanza alilichemsha mpaka kiini kikageuka rangi na kuwa kikavu kama vumbi. Alisimama mlangoni akinitazama ninavyotafuna, kama unavyomtazama mtoto anayemeza dawa. Nilimwambia ni tamu. Huo uongo naamini Mungu amenisamehe.

Basi tukaanza kupanga. Jioni kabla ya kufunga jiko aliniuliza kesho tunakula nini, na jibu tulilitoa pale pale, kwa sababu mwenye kuamua asubuhi ameshachelewa na kengele ya shule inamngoja. Maharagwe tuliyachemsha mengi Jumapili, tukayachota kidogo kidogo. Kiazi kitamu kilichemshwa usiku kikangoja. Mboga za jana, mrenda au managu, zilipashwa moto na nyanya moja, bila kumwagiwa mafuta. Siku ambayo hakukuwa na yai tulikunywa uji wa wimbi mzito na maziwa lala ya mgando, na kipande cha ovakado ikiwa miti imezaa. Sukari nilikuwa siweki, ila nyanyako aliuonea uji wangu huruma, na mara kadhaa nilimkamata na kijiko nyuma ya mgongo.

Ilipofika saa nne, beseni la mandazi lilinipita bila kunitikisa. Si kila siku, nisikudanganye. Zipo Ijumaa nilizoanguka. Lakini mtu aliyeshiba maharagwe analiangalia andazi kama jirani tu, anamsalimia anapita.

Uzito ukaanza kushuka, pole pole, na maneno nayo yakaanza. Jumapili moja tulipotoka kanisani, mama mmoja wa kundi lao la akina mama alimsimamisha nyanyako mbele ya wengine. Akamwuliza, "Mbona bibi ya kijana yako anaisha hivi? Ama haumpi chakula?" Kule hakuna tusi linalomchoma mama mkwe kuliko hilo. Nami nilikuwa pale pale, nikatazama chini. Angeweza kujitetea kwa kuwaambia habari ya presha yangu, wote wakanihurumia na yeye akatoka msafi. Lakini hiyo ilikuwa siri yangu, hakuigusa.

"Anakonda kwa mkono yangu," akasema. "Mimi ndio nampikia."

Akanishika mkono tukaenda zetu. Kwa muda mrefu baadaye wenzake walimsengenya, na akina mama wengine waliacha kupita kwake kunywa chai. Hakunilalamikia hata mara moja. Siku ile nilimpenda kuliko nilivyompenda mwanawe siku ya harusi, na hilo usimsomee babako.

Presha ikashuka. Sista akaniambia sasa mnaweza kujaribu, na mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha ukazaliwa wewe, msimu wa mavuno, ndiyo maana nyanyako akakuita Nekesa. Hukunisumbua. Niliporudi nyumbani aliniletea chakula cha asubuhi chumbani kwa dirisha, kwa maana kuingia chumba cha mwanawe hakuthubutu. Nikamwambia azunguke aingie sebuleni, nami nikamfuata huko na sahani. Nikalikata yai katikati, nikamsogezea nusu. Sikujua kama namkosea adabu. Nilijua tu kwamba siwezi tena kula peke yangu kile alichonipikia mwaka mzima kwa mdomo mkavu.

Aliangalia mlangoni, kana kwamba mama yake angeingia. Halafu akalitia mdomoni, akatafuna pole pole mpaka likaisha.

"Kumbe ndio hii," akasema. "Na mama yangu alikufa hajaonja."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kitambaa cha kichwa, akaomba akubebe. Ametutangulia sasa, na mpaka leo namlilia asubuhi zaidi ya saa nyingine yoyote.

Sasa sikia nasaha yangu, mwanangu. Sikukatazi kupunguza uzito. Presha iko katika damu yetu, na kama daktari amekushauri, mtii, na kama hajakushauri, nenda ukamwulize kabla ya kuuliza simu yako. Ila usiufukuze mwili wako kwa njaa, kwa sababu utakufuata na deni lake kabla ya mchana. Kula asubuhi, na upange tangu jioni, hata kama chumba chako ni kimoja na jiko lako ni moja. Maharagwe ya Jumapili yanatosha siku kadhaa. Weka yai, weka mboga, weka kiazi kimoja, na usipokuwa na hiki tumia kile. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo kibaba kinavyopungua pia. Ukianguka siku moja ukala chipsi, usiseme yote yameharibika, kesho kuna asubuhi nyingine. Na lililo kubwa kuliko yote, usijifiche. Mwambie mtu anayekupenda shida yako, hata akikukaripia. Mimi ningenyamaza, leo nisingekuwa na wa kumwandikia haya.

Jumamosi nakuja Kitale. Nitapika pale pale nyuma ya duka kwenye jiko la mwenzako, na kama unaona haya wateja wakuone ukila viazi vitamu na mamako, zoea.

Mola akulinde, Nekesa. Akupe damu tulivu na miguu isiyotetemeka. Akupe uzito unaokutosha wewe, si ule unaowatosha wenye maneno. Akuzungushie watu wa kukupikia na wa kuwapikia, na siku ukibeba mimba, akuvushe salama kama alivyonivusha mimi nikiwa nimekubeba. Amina.