Mgonjwa Aliyepona Mapema Mno

Je, nesi amfuate mgonjwa hadi kwake, au amwache? Swali hilo liliwahi kuninyima usingizi wiki nzima, katika miaka ya tisini, nilipokuwa bado mgeni wa kazi. Nimeshastaafu, na manesi wachanga wakiniuliza tulifanyaje kazi siku zile, huwa naanzia hapo.

Siku yangu ya kwanza, huko Embu, nilinawa mikono mara nyingi hadi matroni akasimama nyuma yangu. "Msichana, unanawa au unafua?" Nilikuwa mtu wa kuwazia kila kitu mara tatu.

Nilipohamishiwa Meru, wodi ya watu wazima, tabia hiyo ilinifaa. Tulikuwa na wagonjwa wachache wa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, na dawa zake hazitaki haraka. Moja ilikuwa nyekundu na iligeuza rangi ya mkojo; tulimwonya mgonjwa mapema asidhani anatoka damu. Nyingine ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo niliukodolea macho mkono wa mgonjwa kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Ninyi sasa mna dawa zinazoitafuta seli mgonjwa kwa alama yake. Zetu zilipiga nzima na mbovu pamoja, nasi tukashika ndoo ya kutapikia na kumpangusa mtu uso.

Mutuma, au Baba Kendi kama tulivyomwita, mkulima wa ndizi kutoka Mitunguu, alikuja amekonda, na uvimbe shingoni kama parachichi. Baada ya mzunguko wa kwanza wa dawa uliyeyuka. Limfoma ndivyo ilivyo: huyeyuka upesi, na usipomaliza mizunguko yote hurudi na hasira. Tulimweleza. Aliitikia kwa kichwa, akaenda nyumbani, na siku ya mzunguko wa pili hakuonekana.

"Ni mtu mzima, ameamua," daktari akasema.

"Mwandikie chifu," akasema msimamizi wa wodi.

Lakini barua ya chifu husomwa na kijiji kizima, na Mutuma alikuwa ametuomba mkewe asijue ugonjwa wake. Tena siku hizo, aliyekonda akifuatwa na nesi, watu walikuwa na jina moja tu: ukimwi. Vipimo vilionyesha hana. Nani angeuliza habari za vipimo? Nikienda, namwaibisha. Nisipoenda, anakufa.

Siku yangu ya mapumziko nilivaa nguo za kanisa, nikabeba kiondo, nikashuka Mitunguu kama mnunuzi wa ndizi.

Nilimkuta akifungulia migomba maji ya mfereji. "Sista! Umenifuata mpaka shambani?" Alicheka, akainua kidevu. "Angalia shingo. Imeisha kabisa."

"Imejificha, Baba Kendi. Kuja umalize dawa."

"Nimeshatoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu ameniponya, bila kutaja ugonjwa, watu wakapiga makofi. Sasa nirudi hospitali, niseme Mungu aliniacha njiani?"

"Sikuja kubishana na Mungu. Ushuhuda wako ni wako. Dawa imebaki."

Aligeuka kuitazama nyumba. Mkewe alikuwa mlangoni, akitutazama tu, uso mkavu.

"Na huyu nitamwambia naenda wapi?"

"Mwambie ukweli. Ama uniruhusu niseme mimi."

Alifunga maji, akafuta mikono kwenye suruali. "Sema wewe. Mimi mdomo umekauka."

Wodini neno "saratani" hatukulitamka mbele ya familia; tulisema "uvimbe". Hata tulipoketi kwenye benchi mbele ya nyumba, mkewe, Mama Kendi, akiwa kati yetu, niliwaza kusema "uvimbe". Nikaghairi.

"Mume wako ana saratani. Inatibika, akimaliza dawa."

Alinitazama sana. "Saratani? Si ile nyingine?"

"Si ile nyingine. Alipimwa, hana."

Alishika kichwa kwa mikono miwili akalia. Kisha akamgeukia mumewe. "Wee Mutuma! Nimeshamwomba dada yangu achukue watoto. Nakupikia kila siku nikijua tunakufa wote wawili, na wewe unanyamaza!"

 Mkewe alijifuta uso kwa leso.

"Sista, tunakuja siku gani?"

"Leo," nikasema. "Twende pamoja."